Nani Aruhusiwe Kukaa Nyuma ya Kochi? Saikoanalisisi Ilivyogeuka Kazi Rasmi Argentina

Asanteni jamani, naomba wa nyuma wasogee mbele maana sauti yangu leo sio nzuri.

Ukitaja saikoanalisisi, ile tiba ya akili ambapo mgonjwa analala kwenye kochi anaongea na mchambuzi amekaa nyuma yake anasikiliza, watu wanawaza Vienna na Freud, daktari aliyeianzisha, na ndevu zake, lakini mimi leo nawapeleka Buenos Aires, kwa sababu pale hii kazi ilishika mizizi mpaka kuna kipande cha mtaa wa Palermo watu wamekibatiza Villa Freud kwa jinsi ofisi za hawa wachambuzi zilivyojaa. Na swali langu ni moja tu, nani aliyeifanya ikawa kubwa vile?

Kwenye makaratasi inaanza Desemba 1942, chama cha wachambuzi wa Argentina, APA kwa kifupi, kinaundwa na kikundi kidogo sana. Kuna Ángel Garma, Mhispania aliyesomea Berlin, Celes Cárcamo yeye alitoka kusomea Paris, Arnaldo Rascovsky daktari wa watoto, Enrique Pichon-Rivière, halafu Marie Langer, na huyu mama naomba mumkumbuke, ni daktari mzaliwa wa Vienna, Myahudi na mkomunisti, alienda kutibu majeruhi kwenye vita vya Hispania, akapitia Uruguay ndio akafika Argentina. Mwaka uliofuata wakaanzisha jarida lao, na 1949 chama cha kimataifa kikawapokea rasmi.

Sasa kuingia kwenye hicho chama haikuwa mchezo. Mwanafunzi analazwa kwenye kochi yeye mwenyewe kwanza, anachambuliwa miaka, siku kadhaa kila wiki, na analipa kwa mfuko wake, hapo bado semina, bado kupokea wagonjwa chini ya msimamizi. Na wanaopanga nani apite ni walewale wachache wa juu, ambao ndio wanaomchambua na ndio wanaojua siri zake zote! Mimi hili linanisumbua mpaka leo, sioni mtu angewezaje kubishana na mwalimu wa namna hiyo.

Halafu 1957 Chuo Kikuu cha Buenos Aires kikafungua digrii ya saikolojia, na hapa ndipo moyo wa habari ulipo. Waliojiandikisha wengi ni wanawake, vijana, na walimu wao baadhi ni wachambuzi haohao, José Bleger mmojawapo. Wanafundishwa Freud, wanampenda Freud, wanamaliza wanakuta mlango umefungwa kwa sababu sio madaktari. Sheria namba 17.132 ya mwaka 1967, wakati wa serikali ya kijeshi ya Onganía, ikawaita wasaidizi tu, wafanye kazi kwa maagizo ya daktari, tiba ya mazungumzo wasiiguse.

Unadhani walirudi nyumbani? Hawakurudi. Wakaunda vikundi vya kusoma, wanamlipa mchambuzi mzoefu awafundishe pembeni, wengine wakawa wanafanya kazi Lanús nje kidogo ya jiji, hospitali ambayo Mauricio Goldenberg tangu 1956 alikua ameweka wodi ya magonjwa ya akili ndani ya hospitali ya kawaida, mgonjwa wa akili analazwa jengo moja na aliyevunjika mguu, na wanasaikolojia wanapewa kazi ya kweli. Kwa hiyo kazi ikaenea mbali kuliko chama kilivyokusudia, na iliwafikia hata watu wasio na hela. Nyie mnaosomea unasihi hapo mbele, hao kina mama ndio hasa walioijenga taaluma ile.

Na chama chenyewe kikapasuka. 1971 vikundi viwili, Plataforma na Documento, vikajitoa, Langer akiwemo, wanasema huwezi kutibu nafsi ya mtu huku umefumba macho kwa yanayotendeka mtaani. 1974 Langer alitishiwa kuuawa akakimbilia Mexico. Yakaja mapinduzi ya kijeshi ya Machi 1976, na miongoni mwa waliopotezwa, yaani waliotekwa na utawala huo wasionekane tena, wamo wanasaikolojia na madaktari wa akili pia, wengine wakatawanyika nje ya nchi.

Demokrasia ikarudi mwisho wa 1983. Miaka miwili baadaye, 1985, ikapita sheria namba 23.277, mwanasaikolojia akaruhusiwa kutibu kwa jina lake mwenyewe bila daktari juu yake, kazi ambayo wale wanawake walikua wanaifanya muda wote.

Haya, maswali. Tuanze na dada pale dirishani.