Tazameni Kona Iliyogusa Sumaku

Ndugu zangu, nimelisema hili katika kumbi nyingi na leo nalirudia: kabla ya kushangilia, tazameni ile kona.

Video mnaijua. Julai 2023, Sukbae Lee na wenzake wa Seoul walituonesha kipande cheusi juu ya sumaku. Upande mmoja umenyanyuka. Wa pili umekaa palepale, umeigusa sumaku! Wakasema kipande hicho, walichokiita LK-99, ni supakondakta hadi nyuzi joto 127, yaani umeme unapita bila ukinzani wowote hata ukiitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Supakondakta halisi inaweza kuelea juu ya sumaku bila kuigusa, ndiyo maana video ile ilishangiliwa. Sasa tazameni mkono wangu. Hii ni sumaku ya spika ya redio mbovu, na hiki ni kipande cha wembe. Mnaona kinavyosimama kwa ncha? Wembe ni supakondakta? Si supakondakta, ni chuma tu kinachovutwa na sumaku.

Mtu ataniambia: "Mwalimu, mbona ukinzani wake ulishuka ghafla kwenye nyuzi 104?" Ulishuka, ndiyo. Hapo naomba mnivumilie, maana ndipo penyewe. Wenzetu walichanganya madini ya risasi yenye salfa na kampaundi ya shaba na fosforasi, wakaoka kwa nyuzi 925. Salfa ikabaki, shaba nayo ikabaki, zikakutana humo humo kwenye tanuri na kuzaa salfaidi ya shaba. Prashant Jain, mkemia wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alipoiona ile 104 aliitambua mara moja, kwa sababu amefanya kazi na salfaidi hiyo miaka mingi: hapo ndipo fuwele zake hubadili mpangilio. Kule Beijing wakaipima salfaidi yenyewe, ukinzani ukaporomoka maelfu ya mara. Lakini kuporomoka si kufika sifuri, jamani! Aliyeshuka ngazi mia bado hajafika chini kama imebaki moja.

Kisha Wajerumani wa Stuttgart wakakuza fuwele safi ya LK-99, isiyo na salfa hata chembe. Ikatoka ya zambarau, inapitisha mwanga, na ukinzani wake ni mamilioni ya omu. Kihami kabisa, yaani umeme haupiti.

Wako wanaosema tunawavunja moyo watafiti. Hapana, na hili linaniuma. Wakorea walitoa mapishi yao hadharani, ndiyo maana maabara za China, India na Ujerumani ziliweza kuyajaribu, na katikati ya Agosti jibu likawa limepatikana. Kumpima mtu kwa makini ni kumheshimu. Anayestahili kuulizwa kwa ukali ni yule ambaye wenzake hawapati alichokipata: makala mbili za Ranga Dias, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, naye akidai kupata supakondakta ya joto la kawaida, ziliondolewa na jarida la sayansi la Nature, moja 2022, nyingine 2023. Hilo lina saa yake, na mwenyekiti ananionesha saa.

Nilitaka pia kueleza jinsi supakondakta halisi inavyoufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yake, tutalizungumza mlangoni. Haya, pitisheni hiyo sumaku hadi safu ya nyuma, nao wauone wembe ukisimama. Angalieni vidole.