Rimu ya Spoti Haikuvunjwa na Shimo

TUMPE: Kaka Ambokile, pole na rimu ya spoti ya pikipiki yako. Kijiweni Uyole wanasema umeingia shimo.

AMBOKILE: Asante, dada. Shimo nilipita, sikatai, ila limesingiziwa. Niliitazama spoki, ule mkono mnene wa aluminiamu uliomwagwa pamoja na rimu, pale ilipokatikia. Sehemu kubwa ilikuwa laini, ina miduara kama gogo la Mufindi, na imeshika uchafu mweusi. Ni kipande kidogo tu kilichokuwa kinang'aa. Shimo la jana litaleta vipi uchafu wa miezi?

TUMPE: Kumbe ufa ulikuwepo.

AMBOKILE: Na ulikuwa unatembea. Huo ndio uchovu wa metali. Tairi yangu ikienda kilometa moja inazunguka kama mara 500. Kwa siku napiga kilometa 60.

TUMPE: Mara 30,000! Mwezi na siku chache, milioni.

AMBOKILE: Na kila mzunguko spoki inabanwa, inaachiwa. Chuma kina afadhali: kuna kiwango ambacho mzigo ukikaa chini yake, kinabeba bila kuchoka. Aluminiamu, kama ya rimu yangu, haina kiwango hicho cha wazi. Hata mzigo mdogo unaandikwa kwenye daftari.

TUMPE: Lakini rimu za wenzako zinadumu. Yako umeikosea nini?

AMBOKILE: Lumbesa, dada. Nashuka milima ya Uporoto na gunia la viazi limefungwa upande mmoja. Uzito unakandamiza spoki kwenda chini, breki inaivuta kufuata mzunguko, na kwenye kona gunia linaipinda kwa ubavu. Vyote kwa wakati mmoja.

TUMPE: Si unajumlisha tu?

AMBOKILE: Hapo ndipo hata wahandisi wanaumiza kichwa. Mizigo haifiki kileleni pamoja. Huu ukipanda, ule unashuka, na mwelekeo wa mkazo unageukageuka ndani ya metali. Kwa hiyo ukipima kila mzigo peke yake ukaona salama, bado hujapima rimu. Chukua waya wa aluminiamu, upinde huku unausokota, uone.

TUMPE: Ndege nazo si aluminiamu?

AMBOKILE: Nyingi. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria za Uingereza, aina ya Comet, zilisambaratika angani. Wachunguzi wakaiweka nyingine kwenye tangi la maji Farnborough, wakawa wanaijaza shinikizo na kulitoa, tena na tena, mpaka mwili ukapasuka. Nyufa huanzia pale mkazo unapojikusanya: kwenye kona ya dirisha, tundu la ribiti...

TUMPE: ...au shina la spoki.

AMBOKILE: Hapo hapo. Siku hizi nikiosha pikipiki napitisha kitambaa na tochi pale kwenye shina.

TUMPE: Fundi si alisema anaichomelea?

AMBOKILE: Kwa gesi ya agoni, ndiyo. Atafunga ufa, lakini joto linalainisha aluminiamu pembeni ya weldi, na gunia linarudi palepale. Nimemwachia aiuze kama chuma chakavu.

TUMPE: Na viazi?

AMBOKILE: Vimepanda Bajaji.