Kusogeza au Kughairi Mtihani wa Nadharia ya Udereva Uingereza

Haya ndugu zangu, karibuni tena mezani kwangu hapa Leicester. Wiki hii wengi mmeniuliza jambo moja: "Dada, mtihani wa nadharia umefika na sijaiva, nifanyeje?" Usiende kufeli kwa haraka. Maswali ni 50, yanatakiwa 43, halafu kuna video za hatari barabarani. Na tangu Aprili 2014 hakuna mkalimani wala sauti ya lugha ya kigeni, kwa hiyo kama Kiingereza cha alama za barabarani bado kinakusumbua, tuisogeze tarehe, tusome.

Fungua gov.uk, tafuta ukurasa wa kubadilisha mtihani wa nadharia. Hakikisha ni gov.uk kweli. Ziko tovuti za watu binafsi zinazokutoza zaidi kwa kazi hii hii.

Sasa shika leseni yako ya kujifunzia na ile imeili uliyopata ulipolipa, ina namba ya mtihani. Namba ya leseni iko kwenye mstari wa 5. Naiziba yangu kwa kidole, hivi. Ni herufi na tarakimu 16. Zile mbili za mwisho zilizokaa pembeni, baada ya nafasi, usiziandike.

Naandika... eeh, mmeona? Imeandika nyekundu, imekataa. Ngoja nisogeze kamera. Hapa nimeweka herufi O, kumbe ni sifuri. Tano za mwanzo zinatoka kwenye jina la ukoo, na jina likiwa fupi hujazwa kwa 9: Juma anakuwa JUMA9. Inayofuata ni tarakimu, siyo herufi. Na akina dada, tarakimu ya kwanza ya mwezi wenu wa kuzaliwa imeongezwa 5. Msidhani kadi imekosewa.

Haya, imekubali. Mtihani wangu huu hapa. Kubadilisha, au kughairi.

Kabla hujabofya, nisikilize vizuri. Unatakiwa utoe taarifa siku 3 kamili za kazi kabla. KAMILI. Mtihani wangu wa kwanza ulikuwa Alhamisi. Nikaingia Jumatatu, nikahesabu vidoleni: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, tatu hizo. Pauni 23 zangu zikapotea, na wakati huo nilikuwa nahesabu hata nauli ya basi. Siku unayobofya haihesabiwi, na siku ya mtihani haihesabiwi. Tatu zinakaa katikati. Mtihani wa Alhamisi, mwisho wako ni Jumamosi. Jumatatu umechelewa! Mimi siku hizi hata Jumamosi siihesabu kama siku ya kazi, nibaki salama: mtihani wa Jumanne, naubadilisha Jumatano ya wiki iliyotangulia.

Ukighairi ndani ya muda, hela yako inarudi. Lakini mimi napenda kusogeza, maana hulipi upya na unabaki na tarehe mbele yako ya kukuamsha usome.

Chagua kituo, chagua siku... Ah, imenitoa. Nimeongea sana, ukurasa umefungwa. Tunaingia tena. Namba, namba, sifuri siyo O. Sawa.

Mnaotoka zamu ya usiku kwenye nyumba za wazee, nawaomba msichukue nafasi ya asubuhi. Zile video zinataka macho makavu. Nachukua hii ya mchana, nathibitisha.

Usifunge bado. Subiri imeili mpya, usome tarehe, kituo, na saa. Hii yangu inasema 2:00pm. Kwetu hiyo ni saa nane mchana. Ukiandika "saa 2" kwenye kalenda ya jikoni, mumeo atakuamsha alfajiri. Andika saa nane, na pembeni 14:00, kwa kalamu nyekundu. Yangu hii, mnaiona.

Anayetaka tusome pamoja maswali 50 kwa Kiswahili, darasa langu ni Jumapili jioni. Niandikie hapo chini, nakutumia bei.