Kisima Kwanza: Takwa, Shela na Maji ya Amu

ATHMAN: Assalamu aleikum wasikilizaji. Dada Mwanaisha, leo nimetoka Takwa, mji wa magofu kisiwani Manda, moja kwa moja.

MWANAISHA: Waaleikumu salaam, kakangu. Mlivuka maji yamejaa?

ATHMAN: Lazima. Mkono ule wa bahari, wa mikoko, maji yakipwa mashua inakaa kwenye tope. Tulifika saa mbili asubuhi, mibuyu na magofu, kimya. Nguzo juu ya kibla cha msikiti ingali imesimama. Kaburi la nje lina mwaka wake, 1094 wa Hijria, yaani kama 1683 wa Miladi. Muda si mrefu baadaye mji ukahamwa, na wanaoeleza sababu hutaja kwanza visima: maji yaligeuka chumvi. Watu wakavuka hadi Shela, kisiwani Amu, yaani Lamu. Mpaka leo watu wa Shela hurudi Takwa kuzuru na kuomba mvua.

MWANAISHA: Mvua! Hapo ndipo ninapotaka tukae. Tukisimulia pwani hii tunaanza na majahazi, pepo za kaskazi na kusi, pembe, boriti, Mreno, Mwomani. Sawa. Lakini jahazi halikuweki mahali pasipo na maji ya kunywa. Tazama Shanga, kisiwani Pate. Walipochimba miaka ya 1980 walikuta msikiti wa mawe, na chini yake misikiti ya miti, ya zamani kabisa ni ya karne ya 8. Na makazi ya kwanza yalijipanga kuzunguka kisima.

ATHMAN: Kisima kwanza, nyumba baadaye.

MWANAISHA: Ndiyo. Na kisima cha Amu kiko Shela, chini ya matuta ya mchanga. Masika ikinyesha pale, maji hayakimbilii baharini. Mchanga unayanywa, yanashuka polepole, yanatua juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji matamu ni mepesi. Ni kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka kwa ndoo, mafuta yanajikusanya tena. Ukiwasha pampu usiku kucha, unaufikia mchuzi.

ATHMAN: Na anayejenga juu ya matuta?

MWANAISHA: Anaziba kwa saruji pale mvua inapoingilia, kisha anachimba shimo la choo. Maji taka yanapita njia ileile ya mvua.

ATHMAN: Lakini dada, vijana wa Shela wanakula kwa nyumba hizo za wageni. Mafundi, wapishi, mabaharia.

MWANAISHA: Najua, wengine ni wanangu. Wajenge palipo na udongo wa kujengwa. Ngoja nikupe kisa. Kwa bibi yangu, mtaa wa Mkomani mjini Amu, kulikuwa na birika chooni, limepakwa chokaa, na chini yake imezikwa bakuli ya kaure. Ndani, samaki wadogo wawili watatu wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, samaki wanajikusanya kwenye bakuli, nasi watoto tunajua zamu ya kuteka imefika. Bibi alikuwa akionja chai tu anajua maji yametoka kisima gani. Mwaka jana nilinywa chai nyumba ileile. Sukari na chumvi, Athman. Niliiweka chini.

ATHMAN: Subhanallah.

MWANAISHA: Mji mkongwe wa Amu uliandikwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ni haki yake. Mtu akigusa ukuta wa matumbawe anaulizwa. Basi matuta yanayounywesha ukuta huo na watu wake yaulizwe kwa ukali uleule. Ng'ambo ya bara, Magogoni, gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Watu wataongezeka, na hao pia watataka kunywa.

ATHMAN: Kwa hiyo wewe ungefanya nini?

MWANAISHA: Mipaka ya matuta iwekewe vigingi vinavyoonekana kwa macho, si ramani iliyofungiwa kabatini. Ombi la kujenga karibu nayo lisomwe mbele ya wenyeji kabla halijapitishwa.

ATHMAN: Na pampu?

MWANAISHA: Zihesabiwe zote, ya nyumba na ya hoteli. Na zihesabiwe kabla kaskazi haijaingia, maana hapo mvua hakuna na wageni ndio wamejaa.