Chokaa Kwanza, Mbolea Baadaye

Mhadhara uliotolewa Kakamega katika maadhimisho ya Siku ya Udongo Duniani, tarehe 5 Desemba, mbele ya wakulima, maafisa wa ugani na walimu wa kilimo

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana, na wenzangu wa ugani, hamjambo.

Mada niliyopewa ni pana: afya ya udongo katika kilimo, misitu na mazingira. Nitaigusa yote, lakini sitaigawa sawasawa, kwa sababu liko jambo moja ambalo tumelisema katika vikao vingi kama hiki, na bado kila ifikapo Machi nalikuta limepuuzwa shamba hadi shamba. Jambo hilo ni asidi. Sehemu kubwa ya udongo wa magharibi mwa Kenya, kuanzia Busia na Siaya, kupitia Vihiga na hapa Kakamega, hadi Nandi na Uasin Gishu, ina asidi kuliko mahindi na maharagwe yanavyoweza kuvumilia. Mkulima anayetia mbolea ya kupandia katika udongo wa namna hiyo, bila kuurekebisha kwanza, hupoteza sehemu kubwa ya fedha zake kabla mbegu haijachipua.

Sina haja ya kuwaeleza mbolea ya kupandia ya DAP ni nini. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti, inayobeba fosforasi, na ni kwa ajili ya hiyo fosfeti mnapanga foleni tangu alfajiri. Sasa sikilizeni inakokwenda. pH ya udongo, yaani kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, ikishuka chini ya 5.5, alumini ambayo kwa kawaida imetulia ndani ya udongo wa mfinyanzi huanza kuyeyuka na kuingia katika maji ya udongo. Alumini hiyo, ikisaidiana na chuma kilichojaa katika udongo wetu mwekundu, huikamata fosfeti na kuifunga katika hali ambayo mzizi hauwezi kuinyonya. Wakati huohuo huishambulia ncha ya mzizi, nao mzizi hunenepa, hufupika, na huacha kuteremka. Kwa hiyo mhindi unakuwa kama kuku aliyefungwa mguu hatua mbili tu kutoka kwa mtama: chakula kipo, umekilipia, lakini haukifikii.

Nitawapeleka Sabatia, kwa mama mmoja ambaye hakuamini neno lolote katika hayo niliyosema. Yeye na shemeji yake walikuwa wamerithi kipande kimoja cha ardhi kilichogawanywa kwa ua wa miti. Walinunua mbegu katika duka moja, walipanda wiki moja, na wote wawili walitia mbolea ya kupandia. Mvua ilipokatika kwa majuma kadhaa mwezi wa Mei, mahindi ya mama yalijikunja na majani yake ya chini yakageuka rangi ya zambarau, ilhali ya shemeji yalisimama. Mama alikuwa na maelezo matatu: kwamba duka lilimuuzia mbegu bandia, kwamba mbolea ilichanganywa na mchanga, na kwamba kulikuwa na jicho la mtu. Nilimwomba jembe, tukang'oa mmea mmoja kila upande wa ua, tukaosha mizizi katika karai. Mizizi ya kwake ilikuwa mifupi, minene, ya rangi ya kahawia, na yote ilikuwa imejikusanya juu juu kana kwamba chini kulikuwa na mwamba. Mizizi ya upande wa pili ilikuwa mirefu, myeupe, yenye nywele nyingi, na tulilazimika kuchimba tena ili kuipata yote. Tulipopima udongo, pH ya kwake ilikuwa chini ya 5. Ya shemeji ilikuwa imepanda, kwa sababu alikuwa ametandaza chokaa ya kilimo kabla ya msimu uliotangulia na kuichanganya na udongo kwa jembe.

Natumia muda mrefu kwa mama huyu kwa sababu maelezo yake matatu ndiyo ninayoyasikia kila mahali. Mbegu hulaumiwa, duka hulaumiwa, mvua hulaumiwa, hata ndugu hulaumiwa, na udongo ambao kila mtu amesimama juu yake hauulizwi. Mmea wenye mizizi ya shibiri moja hauwezi kustahimili kiangazi kifupi, hata mvua ya msimu mzima ikiwa nzuri. Kiangazi hicho huonekana kama balaa kutoka mbinguni, kumbe maji bado yapo mkono mmoja chini ya ardhi.

Mzee aliyekaa pale mbele ananitazama, na najua analotaka kusema: babu yake hakujua chokaa, hakununua mbolea, na alivuna. Ni kweli, mzee, alivuna. Lakini alivuna akiba ya msitu. Watafiti walilinganisha mashamba ya pembezoni mwa misitu ya Kakamega na Nandi yaliyofyekwa nyakati tofauti, mengine miaka michache tu iliyopita na mengine karibu karne nzima, na walichokiona ni kwamba kaboni ya udongo hushuka kwa kasi katika miongo ya mwanzo, nayo mavuno ya mahindi yasiyotiwa kitu hufuata njia hiyohiyo. Babu alilima ardhi mpya, akaipumzisha ilipochoka, akahamia kipande kingine. Wewe unalima nusu ekari hiyohiyo, misimu miwili kila mwaka, bila kuipumzisha, na mabua unampa ng'ombe au unayatia jikoni. Kila gunia linalotoka shambani huondoka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, na hizo ndizo zilizokuwa zikiizuia asidi.

Wengine mnasema kosa ni la DAP yenyewe, na kwamba tuiache kabisa. Hilo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli imewagharimu wakulima wengi. Nitrojeni iliyo katika DAP na yurea hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa naitreti, na katika mabadiliko hayo asidi huzaliwa. Kisha mvua kubwa husomba naitreti ikielekea chini, nayo huondoka na kalsiamu. Kwa hiyo ndiyo, ukiitia mwaka baada ya mwaka bila chokaa unaongeza tatizo. Lakini udongo wetu ni wa kale, umeoshwa na mvua kwa muda ambao hakuna anayeweza kuuhesabu, na ulikuwa na asidi kabla mfuko wa kwanza wa mbolea haujashushwa katika stesheni ya reli. Ukiiacha mbolea usipotia kingine, mavuno yatashuka na asidi itabaki. Kwa kukuzia, mbolea ya CAN ina nafuu kwa kuwa imechanganywa na chokaa kiasi. Lakini nafuu hiyo haitoshi kurekebisha shamba lililokwisha kuharibika.

Kuna pia wale wanaosema samadi pekee inatosha. Naipenda samadi na nitaitetea popote, kwa sababu hurudisha uhai wa udongo, hushika maji, na hata hupunguza ukali wa alumini. Lakini ng'ombe wako wawili wanakula majani ya shamba hilohilo lililopungukiwa na fosforasi. Samadi yao haiwezi kuwa na kile ambacho hawakukila. Mjionee wenyewe nyumbani: migomba iliyo karibu na jiko, mahali panapotupwa majivu, maganda na samadi, imenawiri, huku mahindi ya kule mwisho wa shamba yakiwa ya manjano. Rutuba ya shamba zima imekusanywa mlangoni. Huko Kabete kuna jaribio lililoanza mwaka 1976, ambalo limeendelea kulinganisha vipande visivyotiwa kitu, vyenye mbolea peke yake, vyenye samadi, na vyenye mchanganyiko wa mbolea, samadi na mabaki ya mazao, na mchanganyiko huo ndio uliosimama vizuri kwa miaka mingi. Kadhalika watafiti waliofanya kazi Maseno walionyesha kwamba majani ya tithonia, alizeti pori hiyo yenye maua ya manjano iliyojaa kando ya barabara zetu, yana nitrojeni na potasiamu nyingi na huoza upesi yakifukiwa. Nawahimiza mwitumie katika sukumawiki na nyanya; kwa ekari nzima ya mahindi, kazi ya kukata na kubeba majani mabichi itawashinda.

Tuje kwenye chokaa yenyewe, na hapa naomba maafisa wa ugani waandike. Ninayoizungumzia ni chokaa ya kilimo, yaani mawe ya chokaa yaliyosagwa, wala si ile ya kupaka ukuta. Haipo mbali: mwamba wake unachimbwa Koru, katika Kaunti ya Kisumu, na kwa mkulima wa Kakamega gharama inayouma zaidi ni ya lori. Ndiyo maana nawasihi mnunue kwa vikundi na ushirika. Kiasi kinachotajwa mara nyingi ni kama tani moja kwa ekari, yaani mifuko 20 ya kilo 50, lakini kipimo cha udongo ndicho kitakachosema kama unahitaji zaidi au pungufu. Itandaze shamba zima, ichanganye na udongo hadi kina cha jembe, na uifanye kazi hiyo majuma kadhaa kabla ya kupanda, kwa sababu chokaa hufanya kazi polepole na huhitaji unyevu. Usiichanganye na DAP, yurea au samadi mbichi katika ndoo moja. Nitrojeni itaruka hewani kama amonia, na pua yako itakuwa ya kwanza kupata habari. Ukiitia vizuri, inaweza kukuhudumia misimu kadhaa kabla ya kuhitaji nyingine. Majivu ya jikoni nayo hupunguza asidi, na ni mazuri katika bustani, ila hakuna jiko linalotoa majivu ya kutosha ekari moja.

Nimesema kipimo, na sitaki mtu atoke hapa akanunue chokaa kwa kuwa nimeisifu. Kipimo cha pH huhesabiwa kwa mara kumi: udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya ule wa pH 6, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo katika karatasi ni kubwa shambani. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za Ahero mara nyingi hauna tatizo la asidi hata kidogo, na kuutilia chokaa ni kutupa pesa. Mwenye chai Nandi au Kericho asithubutu, kwa maana chai inapenda asidi. Mkulima wa viazi kule Molo awe mwangalifu, kwa sababu chokaa nyingi huzidisha ukurutu wa viazi. Jirani yako si kipimo chako. Hata shamba lako la juu si kipimo cha shamba lako la bondeni.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na bado sijagusa misitu wala ziwa, kwa hiyo nitakwenda haraka.

Kuhusu kayongo: gugu hilo lenye maua ya zambarau hupenda udongo uliochoka na kukosa nitrojeni, na mbegu zake hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ikipandwa katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake hutoa kemikali zinazoichipusha mbegu ya kayongo na kuizuia isijishikize kwenye mhindi, hivyo inakufa. Mbinu hiyo ilikuzwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, hapo ng'ambo ya ghuba, na desmodiamu hiyohiyo ni chakula cha ng'ombe na huongeza nitrojeni.

Kuhusu misitu: serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na ninaliunga mkono. Lakini msitu wa Kakamega haukusimama kwa sababu udongo wake una rutuba nyingi. Umesimama kwa sababu majani yanayoanguka huoza, na mizizi ikishirikiana na kuvu huyanyonya tena kabla mvua haijayasomba. Misonobari ilipoletwa Afrika Mashariki ilidumaa hadi udongo wenye kuvu wake ulipoletwa pia. Miche ya miti ya kienyeji basi ichanganyiwe udongo kidogo kutoka chini ya miti mama, na majani yanayoanguka chini ya miti michanga yasifagiliwe wala kuchomwa.

Kuhusu ziwa, nitasema moja tu. Udongo unaoteremka na Mto Nyando baada ya kila mvua, pamoja na ule uliochimbwa na makorongo ya Nyakach, huingia Ghuba ya Winam ukiwa umeibeba fosforasi, na fosforasi hiyo ndiyo mojawapo ya chakula cha gugumaji linalowafungia wavuvi gati. Fosfeti iliyokataa kuingia katika mhindi wa mlimani ndiyo inayomlisha adui wa mvuvi wa Dunga. Waheshimiwa wa kaunti, ambao bajeti zenu zina mbolea ya ruzuku kila mwaka, fungu la chokaa na la kupima udongo liwekwe kando ya fungu hilo. Viongozi wa Afrika waliokutana Nairobi mwezi wa Mei 2024 walizungumzia mbolea na afya ya udongo kwa pamoja, wakati kule Abuja mwaka 2006 lengo kuu lilikuwa kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Neno limebadilika katika maazimio. Katika maghala yetu bado sijaliona.

Leo ni Desemba, na mnapanda Machi. Chukueni jembe au koleo safi, ondoeni majani juu, chimbeni hadi kina cha sentimita 20 katika sehemu kumi au zaidi za shamba mkienda kwa mshazari, mkiepuka kichuguu, zizi na mahali palipochomwa taka. Changanyeni udongo wote katika ndoo safi, ambayo haijabeba mbolea, uanikeni kivulini, kisha mchukue nusu kilo na kuiandika jina la shamba na zao mnalokusudia kupanda. Wale waliokuja na udongo wao leo, maafisa wanawangoja katika meza iliyo karibu na lango, na wataanza na waliotoka mbali.