Kamba za Miguu: Mhadhara kwa Wanaojitolea Kupeleka Msaada Shule za Milimani

Hamjambo? Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliotoka Rongai na Kitengela na foleni hii ya Jumamosi. Nimepewa dakika 20, na mwenyekiti ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na saa. Basi nianze na aibu yangu mwenyewe.

Safari yetu ya kwanza Pokot Magharibi tulipeleka viatu. Tulikuwa marafiki 12, chama kidogo cha kuchangiana zamu kwa zamu, na mwaka huo mmoja wetu akasema mbuzi wa Krismasi asamehewe, tuwakumbuke watoto wa shule. Tukachanga. Tukaingia soko la mitumba la Gikomba, tukatoka na magunia manne ya viatu vyeusi vya ngozi. Nairobi hadi Kitale ni lami. Kapenguria lami, Ortum lami. Ukishaiacha ile barabara ya Lodwar ukaanza kuipanda milima ya Cherangany, hapo mlima unaanza kukuhoji. Gari lilikwama kijitoni. Tukahamishia magunia kwenye bodaboda, na pikipiki ziliposhindwa, tukakodi punda. Tulifika saa kumi na moja jioni, tope hadi magotini. Shule ilikuwa imefungwa.

Mnacheka, lakini ilikuwa Desemba! Watoto walikuwa wamefunga shule zamani, wako malishoni na mbuzi. Mwalimu mkuu, muungwana kweli kweli, alitupokea kwake, akatutilia yale maziwa ya mgando yenye majivu, hakusema neno. Asubuhi ndipo akaniita pembeni. "Mzee, viatu ni vizuri. Ila ni vya baba zao." Tulikuwa tumenunua namba 41, 42, kwa sababu gunia la namba hizo siku ile lilikuwa bei rahisi. Vikaingia stoo. Mwaka uliofuata nilivikuta palepale, panya wamezaa ndani ya pea mbili.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba huruma ya Nairobi ina kalenda yake na shule ya mlimani ina yake, na sisi ndio tunaopaswa kuhama. Mioyo yetu hulainika Desemba, bonasi ikiingia. Mtoto anayeshuka bonde na kupanda jingine kabla jua halijatoka anahitaji sweta Juni na Julai, katikati ya muhula wa pili, wakati hata hapa Nairobi mnajifunika blanketi mbili. Halafu kuna mvua. Novemba 2019, usiku, mlima uliporomoka Pokot Magharibi: Nyarkulian, Parua, Tamkal. Watu zaidi ya 40 walikufa, barabara zikakatika, madaraja yakasombwa. Kwa hiyo mtu akiwaambia kule juu, "msije wiki hii," msimjibu kwamba gari mmeshalilipia.

Sasa, tupeleke nini? Hapa watu hugombana, na mimi napenda ugomvi huu kwa sababu Kenya tuna majibu yaliyopimwa kwetu wenyewe. Miaka ya 1990, watafiti akiwemo mchumi Michael Kremer walifanya kazi Busia, magharibi mwa Kenya, na jirani zake. Shule zingine zilipewa vitabu vya kiada, zingine zikasubiri. Ungedhani alama zitapanda kila mahali. Wastani haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa mbele tayari, kwa kuwa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi hiyo ilikuwa lugha ya tatu. Fikirieni mtoto wa Kipokot aliyeanza Kiswahili juzi, unamshushia katoni ya hadithi zilizotupwa na shule ya kifahari ya mjini. Anaangalia picha. Nasema hivi mbele ya dada yangu pale mstari wa pili, ambaye amekusanya vitabu mwaka mzima. Dada, usinune. Vipeleke, lakini tuvichague na walimu wa kule, na vya Kiswahili viwe juu ya katoni.

Hukohuko Busia, Kremer na mchumi mwenzake Edward Miguel walijaribu dawa ya minyoo. Utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakunywa walinufaika, maana minyoo ilipungua kijijini. Wataalamu wamebishana sana baadaye juu ya ukubwa wa faida hiyo, wacha wabishane. Kremer alikuja kupata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Esther Duflo na Abhijit Banerjee. Duflo naye, akiwa na Kremer na Pascaline Dupas, alichunguza sare. Karo ya msingi ilifutwa 2003, lakini sare ilibaki mzigo wa mzazi. Huko magharibi mwa Kenya, watoto waliopewa sare bure waliacha shule kwa uchache zaidi, na wasichana waliopata mimba mapema wakapungua. Sare tu! Shati, sketi.

Kuhusu sodo nitakuwa mfupi. Sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bure. Ikiwa pakiti hazijafika, pelekeni, lakini kwanza ulizeni choo kiko wapi, kina mlango, na maji yanatoka mto gani. Nimewahi kuona pakiti nzuri zikigawiwa hadharani, wavulana wakitazama, kwa ajili ya picha. Wasichana walizificha chini ya sweta kama watu walioiba.

Na mkinisikia nikitaja picha, zimeni hizo simu kidogo. Mtoto wa mlimani ana haki ileile ya mtoto wako wa Lavington. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla hujashughulika na taarifa za mtoto, na uso wake ni taarifa. Mfadhili akidai picha za makamasi, nipigieni mimi simu, nitamjibu mwenyewe.

Turudi kwenye viatu, maana hatukuviacha. Mwalimu mkuu yule ndiye aliyetupa dawa. Alichukua katani, akamsimamisha kila mtoto ukutani, akapima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, akakata kamba, akaifungia kikaratasi chenye nambari. Jina halipo, analo yeye kwenye rejista. Furushi zima likashuka kwa bodaboda hadi Kapenguria, likapanda matatu, likafika Nairobi kwa nauli ya kifurushi. Tukaenda nalo Gikomba. Muuzaji alidhani tumerogwa: watu wazima wanaingiza kamba ndani ya viatu, kimoja kimoja, wakiongeza upana wa kidole kwa ajili ya kukua. Ilituchukua Jumamosi tatu. Safari hiyo tulipanda Juni, na stoo hakikubaki kitu isipokuwa wale panya.

Furushi la mwaka huu liko pale mezani, karibu na chai. Kila mmoja akitoka achukue kamba mbili, aandikishe nambari kwa katibu, viatu virudi hapa kabla ya mwisho wa Mei. Zenye mafundo mawili ni za watoto ambao mguu mmoja umezidi mwingine. Hizo nunueni kwa kupima ule mkubwa, halafu mtie soksi ya pili.