Kufungua Faili la mkext kwa Amri ya mkextunpack

Karibuni, watazamaji. Leo tunafungua Extensions.mkext, yaani kifurushi ambamo matoleo ya zamani ya Mac OS X yalikusanya viendelezi vya kerneli (programu ndogo zinazokiongezea uwezo kiini cha mfumo) ili kompyuta inapowaka isilazimike kuvisoma kimoja kimoja kutoka kwenye diski. Kifurushi hutengenezwa na amri ya kextcache. Cha kukifungulia ni mkextunpack.

Fungueni Terminali. Katika toleo la 10.5 faili limo ndani ya /System/Library, na katika 10.6 limo ndani ya /System/Library/Caches/com.apple.kext.caches/Startup. Msilifanyie kazi papo hapo lilipo. Tengenezeni saraka ya kazi, nakilini faili humo kwa cp, kisha ingieni kwa cd.

Sasa andikeni amri hii ya kuonyesha baiti za mwanzo za faili:

hexdump -C Extensions.mkext | head

Tazameni safu ya kulia. Herufi MKXT zikifuatwa na MOSX ndiyo alama ya kwamba faili ni lenyewe. Mkikuta faili linaanza na ca fe ba be, msishtuke, kwa kuwa hiyo huonyesha kwamba ndani yake mna sehemu za aina zaidi ya moja ya kichakataji, na MKXT mtaikuta mbele zaidi.

Hatua inayofuata ni kuorodhesha tu:

mkextunpack -v Extensions.mkext

Hapa hakuna kinachoandikwa kwenye diski. Binafsi siiruki hatua hii, maana mara nyingi orodha pekee hunitosha. Mkihitaji kufungua kweli, tangulizeni saraka ya kupokelea, kwa sababu amri hii haiitengenezi yenyewe:

mkdir vilivyomo
mkextunpack -v -d vilivyomo Extensions.mkext

Kwa faili lenye vichakataji vingi, ongezeni -a i386 (Intel) au -a ppc (PowerPC), kulingana na mnachokitafuta.

Ingieni sasa katika IOUSBFamily.kext, kiendelezi cha USB, ikiwa imo kwenye orodha yenu. Ndani ya Contents mtaona Info.plist, faili la maelezo ya kiendelezi, na ndani ya MacOS mtaona programu yenyewe. Kwenye Info.plist tafuteni OSBundleRequired, kwa kuwa thamani kama Root au Local-Root huieleza kextcache kwamba kiendelezi hicho kinahitajika mapema wakati wa kuwaka. Kiendelezi mlichokitarajia kisipoonekana, anzeni kuchunguza hapo kabla ya kudhani kwamba faili limeharibika.

Jambo moja nalisisitiza: msivirudishe viendelezi hivi kwenye mfumo kana kwamba ni nakala rudufu. Kifurushi cha muundo wa awali huhifadhi Info.plist na programu tu, wala hakibebi tafsiri za lugha na rasilimali nyingine. Nakala kamili zimo ndani ya /System/Library/Extensions, na kextcache hukijenga kifurushi upya kutokana na hizo.